Mkanda Usiotoa Onyo: Mazungumzo na Madereva na Mafundi wa Magari ya Halmashauri



Nataka kusema nanyi juu ya kifaa kisichoonekana mpaka kifuniko cha injini kifunguliwe, lakini ambacho uhai wa pikapu zetu za zamani unakitegemea. Nakusudia mkanda wa taimingi.

Pikapu nyingi kuukuu za Toyota Hilux zina injini za dizeli za 2L, 3L au 5L. Katika injini hizo, mkanda wa mpira wenye meno huunganisha krankishafti, kamshafti na pampu ya dizeli, ili vali zifunguke na dizeli inyunyizwe kwa wakati unaopasa. Mkanda ukikatika, pistoni huendelea kupanda ilhali vali zimesimama, nazo huzigonga. Vali hupinda, na silinda hedi huweza kuharibika pia. Kazi ya kubadilisha mkanda hugeuka kuwa kazi ya kufungua injini.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mkanda huu ni mvua isiyo na mawingu. Mkanda wa feni hulia ukilegea, na breki husaga zikiisha. Mkanda wa taimingi mara nyingi hukatika siku ambayo injini ilikuwa ikinguruma vizuri. Kwa hiyo umri wake hausikilizwi, bali huhesabiwa. Kipimo kilichozoeleka kwa injini hizi ni kilomita 100,000, na kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Joto, vumbi na oili inayovuja hupunguza umri huo. Miaka nayo ihesabiwe, kwa maana mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Baadhi ya magari haya yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo hufuata hesabu ya kilomita tu. Haiujui mkanda wenyewe. Mita ikiwa imekufa au imebadilishwa, taa haina ushahidi wowote.

Hapo ndipo lilipo shauri langu. Gari ambalo daftari lake halionyeshi mkanda ulibadilishwa lini, lihesabiwe kuwa limepitisha muda. Mkuu wa idara atauliza: gari litatolewaje kazini wakati chanjo zinasubiriwa zahanati? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba gari litasimama kwa vyovyote. Tunachochagua ni siku na mahali. Likisimama karakanani, masanduku ya chanjo yatapakiwa katika gari jingine kwa mpango. Likisimama porini usiku, limembeba mama mwenye uchungu wa uzazi, hakuna mpango utakaomfaa.

Ndugu mafundi, betri itenganishwe kwanza. Alama za krankishafti, kamshafti na pampu ya dizeli zilinganishwe kabla mkanda wa zamani haujatolewa. Rola za kukazia zikaguliwe, na yenye kelele au ulegevu ibadilishwe. Sili inayovuja isiachwe, maana oili itaula mkanda mpya. Mkanda usikunjwe wala kulazimishwa kwa bisibisi. Ukishafungwa, krankishafti izungushwe kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili; alama zisiporudi mahali pake, kazi ianzwe upya. Mwisho, taa ya T-BELT irejeshwe kwa utaratibu wa mtengenezaji, si kwa kukata waya.

Ndugu madereva, injini ikizimika ghafla safarini na mkanda ukashukiwa, msijaribu kuiwasha tena wala kulisukuma gari. Kila jaribio laweza kupinda vali iliyokuwa imesalimika.

Ndugu Mwenyekiti, naomba daftari la kila gari liwe na ukurasa wa mkanda huu: tarehe, kilomita na sahihi ya fundi. Hayo hayo yaandikwe kwenye kibandiko karibu na injini, kwa kuwa madereva huhamishwa na madaftari hupotea, lakini gari hubaki likiwahudumia wananchi.