Mfano wa Vita vya Waterloo: Mazungumzo kwa Mwenye Kuanza Kazi ya Mifano

Wasikilizaji, wako watu wengi, vijana kwa wazee, wapendao kutengeneza mifano midogo ya vitu vikubwa: nyumba, meli, gari la moshi. Mmoja hutumia udongo, mwingine mbao, mwingine waya. Katika kazi hizo iko moja iliyo ngumu kupita nyingine, nayo ni kutengeneza mfano wa uwanja wa vita, pamoja na vilima vyake, mashamba yake, nyumba zake na askari wake, kila kitu mahali pake. Mtu anayeianza kazi hiyo kwa mara ya kwanza hudhani ya kuwa shida yake itakuwa ni askari, jinsi ya kuwatengeneza na kuwapaka rangi. Sivyo. Shida kubwa ni kuijua kweli, na baada ya kuijua, kuishika. Hayo yaonekana wazi katika habari za afisa mmoja Mwingereza aliyeitwa William Siborne.

Katika mwaka wa 1830 Siborne alikuwa Luteni katika jeshi la Uingereza, naye alikuwa fundi wa kupima nchi na kuchora ramani, hata alikwisha andika vitabu juu ya kazi hiyo. Mkuu wa Jeshi, Lord Hill, alimwagiza atengeneze mfano wa vita vya Waterloo. Vita hivyo vilipiganwa tarehe 18 Juni 1815, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji. Upande mmoja alikuwako Napoleon na Wafaransa wake. Upande wa pili alikuwako Duke wa Wellington, akiongoza Waingereza, Waholanzi, Wabelgiji na Wajerumani. Na baadaye wakaja Waprusi, chini ya jemadari wao mzee Blücher, kumsaidia Duke. Siku hiyo moja ilikomesha enzi ya Napoleon.

Siborne mwenyewe hakuwako Waterloo siku ile. Neno hilo lilimfaa, maana alijua ya kuwa hajui, naye asiyejua hutafuta.

Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda mahali penyewe. Alikaa muda wa miezi minane katika nyumba ya shamba la La Haye Sainte, ambayo ilikuwa katikati ya mapigano na ilitekwa na Wafaransa siku ile jioni. Kutoka hapo alitembea na kupima kila mwinuko, kila bonde na kila njia. Lakini nchi yenyewe ilikuwa imekwisha badilika. Kati ya mwaka wa 1820 na 1826 kilima kikubwa cha ukumbusho kilijengwa, chenye urefu wa mita zipatazo 40 na sanamu ya simba juu yake; na udongo wake ulichimbwa kutoka katika ule mgongo wa nchi waliposimama askari wa Duke. Basi hata macho yake mwenyewe yasingaliweza kumwambia yote.

Jambo la pili ni kuchagua saa. Mfano hausogei. Askari aliyeuinua mguu wake atakaa na mguu juu milele. Siborne alichagua yapata saa moja ya jioni, wakati Napoleon alipowatuma askari wake wa Ulinzi, walio bora kupita wote, waupande mwinuko ili kujaribu bahati yake kwa mara ya mwisho.

Jambo la tatu ni kuuliza, na kuuliza si ujinga. Siborne aliwaandikia barua maafisa waliokuwako vitani na waliokuwa hai bado. Aliuliza: Saa moja ya jioni kikosi chako kilisimama wapi? Adui aliyekuwa mbele yako alijipanga namna gani? Tena aliuliza: Shamba ulilosimama lilikuwa na mmea gani? Huenda mtu akacheka akisikia swali hilo la mwisho, lakini ni swali la fundi. Asubuhi ya siku ile nafaka ilikuwa imesimama, mahali pengine ikifikia kimo cha mtu. Tena mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku kucha, na nchi ilikuwa tope. Hata kufikia jioni, maelfu ya miguu ya watu na farasi yalikuwa yamekwisha kulilaza shamba lote. Atakayeonyesha nafaka nzuri iliyosimama saa ile ya jioni amesema uwongo, ijapokuwa askari wake wamepakwa rangi kwa ustadi wa ajabu.

Mamia ya barua yalirudi, naye Siborne akaanza kuzilinganisha. Nyingine zilipatana na nyingine zilipingana, maana kila mtu hukumbuka moshi uliokuwa mbele ya macho yake mwenyewe.

Kisha kulikuwa na shida ya kipimo. Alichagua futi 9 kwa kila maili moja ya nchi, na mfano ukawa mpana kama chumba kikubwa, karibu mita 6 kila upande. Lakini kwa kipimo hicho mtu mzima angalikuwa na kimo cha milimita 3 tu, mfano wa punje ya mtama. Nani angaliweza kumwona? Kwa hiyo askari walifanywa wakubwa kidogo, kama milimita 10, na kila mmoja alisimama badala ya watu wawili. Jumla yao walipata 75,000, wote wa bati na risasi.

Kazi hiyo ilikula fedha nyingi. Katika mwaka wa 1833 Serikali ya Uingereza ilikataa kuendelea kulipa, na Siborne akaendelea kwa fedha zake mwenyewe na kwa kukopa. Mwaka wa 1838 mfano ulionyeshwa London. Yasemekana watu wapatao 100,000 walikwenda kuutazama, kila mmoja akilipa shilingi moja, lakini mwenye kazi hakurudishiwa gharama zake.

Tena lilikuwako jambo lililomchoma kupita deni. Barua alizopokea na habari alizopata kwa Waprusi zilimwonyesha ya kuwa saa moja ya jioni Waprusi hawakuwa mbali. Walikuwa wamekwisha anza kupigana tangu yapata saa kumi na nusu, na katika kijiji cha Plancenoit walikuwa wakipigana vikali na Wafaransa. Siborne akawaweka hapo, wengi. Wakubwa waliokuwa karibu na Duke hawakupendezwa, wakamwambia ya kuwa kwa kufanya hivyo amewapa watu wazo lisilo sawa juu ya ushindi ule. Lakini Duke mwenyewe, katika taarifa aliyoiandika siku ya pili ya vita, alikuwa amewashukuru Waprusi kwa msaada wao.

Duke alikuwa na hoja nyingine pia, na si hoja ya kudharauliwa. Alisema ya kuwa mfano waweza kuonyesha dakika moja tu ya vita, bali huu ulitaka kuonyesha vita vyote. Tena kila mtu amejiweka mahali alipopenda mwenyewe. Kila fundi wa mifano na aiweke hoja hiyo moyoni.

Siborne alikuwa afisa mdogo mwenye deni, na Duke alikuwa mtu mkubwa kuliko wote katika nchi yake. Mwenye nguvu mpishe, wasema wahenga. Mwishowe Siborne alikubali kwamba amekosea, na sanamu nyingi za Waprusi zikaondolewa mbaoni. Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini hawa walikuwako, na lao likaondolewa.

Hata hivyo hakuzichoma barua zake. Mwaka wa 1844 alitoa kitabu cha historia ya vita hivyo, na mwaka wa 1849 akafariki. Mwaka wa 1891 mwanawe alizipiga chapa nyingi za barua zile, na mpaka leo wanahistoria huzisoma. Mfano wenyewe umewekwa katika National Army Museum huko London. Na mfano wa pili alioutengeneza, mkubwa zaidi kwa kipimo, uko katika Royal Armouries, mjini Leeds.

Basi anayetaka kuanza afanyeje? Asianze na jeshi zima. Achukue ubao wa nusu mita kila upande. Kwa kipimo cha 1 kwa 72, mtu wa mita 1.8 atakuwa na sentimita mbili na nusu, na ubao mzima utakuwa ni uwanja wa mita 36 tu. Hapo hapaingii vita. Paingia ua wa nyumba moja ya shamba, mlango wake, ukuta wake na watu kumi. Hiyo yatosha. Karatasi zilizolowekwa katika uji wa unga hufanya miinuko mizuri zikikauka, na unga wa mbao uliotiwa rangi hufanya majani.

Lakini kabla ya kugusa gundi, na achague saa moja ya siku moja, kisha aulize. Mvua ilinyesha? Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Kivuli kilianguka upande gani? Nani alikuwako, hata kama hakuna anayependa kumtaja? Kila jibu aliandike katika daftari, pamoja na jina la aliyemjibu, na daftari hilo alihifadhi salama.

Maana rangi hufifia, bati hupinda, na mkono wa mkubwa waweza kuondoa askari mbaoni kwa siku moja. Bali ushuhuda ulioandikwa na kutunzwa huweza kungoja, kama barua za Siborne zilivyongoja, mpaka aje mtu atakayeufungua na kuuliza tena.