Mbolea ya Kuchachusha na Udongo Wenye Sumu ya Madini

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya udongo ulioingiwa na sumu ya madini, na jinsi takataka za jikoni na za shambani ziwezavyo kuusaidia. Nasema kuusaidia, sisemi kuuponya. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo somo lenyewe, kwa hiyo tafadhali sikiliza mpaka mwisho kabla hujashika jembe.

Ninyi wa Biharamulo mwaijua dhahabu kuliko mimi. Mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, na mwaka 2013 ukachukuliwa na Stamigold, kampuni ya Serikali. Lakini leo nina maneno zaidi na wachimbaji wadogo wenye maduara, makarasha na mialo. Na ninyi wa Ngara msizibe masikio, maana nikeli ya Kabanga imejulikana tangu miaka ya 1970, na nikeli nayo ni madini mazito.

Katika mwalo, mawe yakisha kusagwa na kuoshwa, mchanga huchanganywa na zebaki ili ishike dhahabu. Zebaki ni nzito ajabu: debe la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, lakini likijaa zebaki lina kilo 270 hivi. Ikimwagika huzama mchangani. Ikichomwa hupaa kama mvuke, kisha hushuka juu ya udongo na majani ya jirani. Marudio nayo, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa, mara nyingi huwa na risasi na aseniki zilizotoka katika mwamba wenyewe. Mvua ikinyesha, vyote hivyo huteremka bondeni.

Tuseme shamba lako liko chini ya mwalo wa namna hiyo. Ufanye nini?

Kwanza fahamu kwamba madini hayaozi. Jani huoza, mfupa huoza, lakini risasi iliyomo ardhini leo, wajukuu wako wataikuta. Hakuna mbolea iwezayo kuila. Kinachowezekana ni kuifunga. Mizizi hainywi udongo, hunywa maji yaliyomo udongoni pamoja na kile kilichoyeyuka ndani yake. Mbolea iliyoiva vizuri, ile nyeusi inayonukia kama msitu baada ya mvua, ina chembe zinazoyashika madini kama risasi, shaba na kadimi, yasiyeyuke kwa urahisi. Majivu nayo huondoa ukali wa udongo, kwa kuwa udongo mkali huyafungua madini hayo.

Sasa hapa watu wengi hukosea. Wajapani wana namna ya kuchachusha takataka waiitayo bokashi, na mtaalamu mmoja wa Okinawa, Teruo Higa, aliieneza sana tangu miaka ya 1980. Kwenu ni rahisi kuifanya. Chukua pipa lenye kifuniko, utie maganda ya ndizi na mabaki ya chakula, pumba, molasi kidogo, na machicha ya pombe ya ndizi. Shindilia mpaka hewa itoke, ufunike kwa majuma mawili. Ikinukia uchachu kama togwa, ni njema. Ikinuka uvundo, imeharibika. Lakini uchachu huo ni ukali! Ukiimwaga mbichi juu ya udongo wenye risasi waweza kuifungua badala ya kuifunga. Kwa hiyo ichanganye na samadi, nyasi kavu na majivu, ufanye chungu, ukigeuze kila baada ya majuma matatu, ungoje miezi mitatu au zaidi. Ikishapoa na kuwa nyeusi, ichimbie shambani, na kila mwaka uongeze, kwa kuwa nayo huisha. Nyasi za chungu hicho zisitoke katika shamba lenye sumu, maana utakuwa unairudisha sumu ileile kwa mkono wako.

Yako mambo mawili ambayo mbolea yaweza kuyazidisha. La kwanza ni zebaki mahali penye maji. Katika tope lililotuama, vijidudu vikipata takataka za kula huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, inayoingia katika samaki. Ndiyo sumu iliyowapata watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Huko ilitoka kiwandani. Basi usipeleke mbolea hii katika dimbwi la mwalo wala kinamasi cha chini yake. La pili ni aseniki, ambayo majivu na mbolea huweza kuifungua. Ndiyo sababu nasema pima kwanza.

Chukua udongo mahali kumi mbalimbali shambani, kina cha shubiri moja, uchanganye, uanike kivulini, upeleke nusu kilo kwa bwana shamba. Mwambie waziwazi kwamba wataka kupimiwa madini mazito, kwa sababu kipimo cha kawaida cha mbolea hakiyaonyeshi. Kituo cha TARI Mlingano, Tanga, kazi yake ni udongo, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sumu.

Wakati unangoja majibu, usipande mchicha wala mboga nyingine za majani hapo. Majani hukusanya madini kuliko punje za mahindi. Kisamvu kilicho karibu na mahali pa kuchomea zebaki ukiache, hata kama udongo wake ni safi, kwa kuwa jani hunywa mvuke moja kwa moja kutoka hewani, na hapo mbolea haina la kufanya.

Na akina mama, nawaomba jambo moja. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani, na vumbi lake likaua watoto zaidi ya 400. Dawa ya udongo wa nyua zile haikuwa mbolea; ilibidi kuukwangua na kuleta mwingine safi. Kinu cha mahindi kisisage mawe hata siku moja. Mume akirudi kutoka machimboni na avue nguo nje, zifuliwe peke yake, ndipo ambebe mtoto.

Juma lijalo tutaendelea na namna ya kuchimba makinga maji ili marudio yasiteremke shambani. Mje na kamba na mambo za mita moja. Kwaherini.