Daftari Ndilo Shahidi Wako

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wenye biashara ndogo ndogo)



Leo tuzungumze juu ya kodi. Najua neno hili halipendezi masikioni. Mwenye genge akisikia watu wa kodi wako sokoni, hufunga mapema. Mwenye duka humwambia mtoto, "Sema baba hayupo." Lakini kujificha hakufuti deni. Tena anayejificha mara nyingi ndiye anayelipa zaidi. Kwa nini? Sikilizeni.

Kodi ya mapato hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, iliyoanza kazi mwaka 1996. Ushuru wa soko ni kitu kingine. Huo ni wa halmashauri. Tusivichanganye.

Mfanyabiashara mdogo hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka mzima. Mauzo ni nini? Ni fedha zote alizopokea kwa wateja, kabla ya kutoa gharama. Ukinunua kitu kwa sh. 2,500 ukakiuza kwa sh. 2,800, faida yako ni sh. 300. Lakini mauzo yako ni sh. 2,800. Wengi hukosea hapo.

Sasa tutazame viwango vilivyoanza Julai 2019. Mwenye mauzo yasiyozidi sh. 4,000,000 kwa mwaka hakutozwa kodi hii. Mwenye mauzo ya zaidi ya hapo, hadi sh. 7,000,000, aliwekewa njia mbili. Asiye na kumbukumbu za biashara alilipa sh. 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi sh. 4,000,000.

Haya, tupige hesabu. Wenye maduka wawili, jirani kwa jirani, kila mmoja ameuza sh. 5,000,000 kwa mwaka. Wa kwanza hana daftari. Analipa sh. 100,000. Wa pili ana daftari. Kilichozidi milioni 4 ni sh. 1,000,000. Asilimia 3 yake ni sh. 30,000. Basi! Tofauti ni sh. 70,000. Hiyo ni karo, ni mbolea, ni bati za nyumba. Imepotea kwa kukosa daftari tu. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna na jambo la pili. Mama mmoja anauza sh. 10,000 kwa siku. Kwa siku 365 ni sh. 3,650,000. Kwa viwango vile hadaiwi kitu. Lakini afisa akimwuliza, "Unauza kiasi gani?" naye anajibu, "Kidogo kidogo tu." Kidogo ni shilingi ngapi? Afisa anatazama rafu. Zimejaa. Hajui kwamba nusu ya mali ile ni ya mkopo. Atakadiria kwa macho, na macho hayajui deni. Kama kuna daftari, daftari litajibu.

Je, kuandika daftari ni kazi ngumu? Hata kidogo. Kwenye kisomo ulijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Daftari linataka hayo matatu tu. Fanya hivi:

1. Piga mistari upate sehemu tano: tarehe, maelezo, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, baki.

2. Andika kila jioni kabla ya kulala. Usingoje Jumamosi. Kichwa husahau.

3. Ukichukua sabuni ya duka kwa matumizi ya nyumbani, andika. Duka si mfuko wa nyumba.

4. Tunza stakabadhi zote za mali uliyonunua. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Ziweke mahali pasipofika panya wala mvua.

5. Mwisho wa mwezi jumlisha mauzo.

Neno juu ya kulipa. Namba ya mlipa kodi, yaani TIN, hutolewa bure. Anayekudai fedha ili akupatie, mkatalie. Kodi nayo hailipwi mkononi mwa mtu. Pata namba ya malipo, ulipe benki au kwa simu, na utunze uthibitisho. Ukiona umekadiriwa kupita kiasi, usigombane sokoni. Sheria inakupa siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, ukieleza sababu. Hapo pia daftari ndilo shahidi wako.

Kumbukeni kwamba viwango hubadilika. Bunge hupitisha sheria ya fedha kila mwaka, na mabadiliko mengi huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kila mwaka ulizeni viwango vipya katika ofisi ya TRA ya wilaya. Kuuliza si ujinga.

Ndugu zangu, kodi ni wajibu. Lakini wajibu wako ni kulipa kodi yako, si kulipia kukosa daftari. Anza leo jioni.

Maswali ya kujadiliana:

1. Mauzo na faida vinatofautianaje?

2. Kwa viwango vya 2019, mwenye daftari aliyeuza sh. 6,000,000 alilipa kiasi gani?

3. Katika kijiji chetu, ni wangapi wenye biashara wanaoandika daftari kila siku?