Mafundisho ya Yesu Nje ya Kanuni za Kanisa: Wasomaji Watatu

Natumaini vikundi vyenu vimekwisha kukusanyika, taa imewashwa, na yule msomaji wenu amekwisha kushika karatasi ya somo. Jioni hii tutazungumza juu ya jambo linalogusa dini, kwa hiyo naomba tusikilizane kwa adabu. Sikuja kumtoa mtu kanisani, wala kumwingiza. Kazi yangu ni elimu. Na ndugu zetu Waislamu wasizime redio. Isa mwana wa Mariamu ni nabii katika dini yao, na swali la leo lamhusu kila mtu asomaye kitabu kitakatifu.

Swali lenyewe nililipata katika darasa la watu wazima. Mzee mmoja alianza kujifunza a, e, i, o, u akiwa amekwisha kupata wajukuu. Alijitahidi miaka miwili, na kitabu cha kwanza alichokisoma peke yake, tangu mwanzo hata mwisho, kilikuwa Injili ya Marko. Siku moja wenzake walipoondoka yeye alibaki.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nina neno. Maisha yangu yote nimesomewa. Sasa nasoma mwenyewe. Nimetafuta humu habari za kuzaliwa kwake, hori na wachungaji, sikuziona. Na mengine nayaona ambayo sikumbuki kuambiwa. Je, nikishika yale ninayoyasoma mwenyewe, nimekosa?"

Sikuwa na jibu tayari. Nilimwambia kwamba habari za kuzaliwa zimo katika Mathayo na Luka, na Marko hakuziandika. Lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko hilo, nalo limekwisha kuulizwa na watu wengi kabla yake. Leo nitawaeleza watatu kati yao.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna maneno ambayo Injili zasema Yesu aliwafundisha watu: kusamehe, kumpenda adui, kutojiwekea mali, kumsaidia mgeni aliyejeruhiwa njiani. Halafu kuna kanuni za imani, yaani maneno ambayo Kanisa limeyatunga ili kueleza Yesu ni nani. Mwaka 325 maaskofu waliitwa na Kaisari Konstantino wakutane Nikea, mji ulio katika nchi ya Uturuki ya leo. Palikuwa na ugomvi mkubwa. Padre mmoja wa Misri, jina lake Arius, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba. Maaskofu wakakata shauri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, wakaandika hivyo. Ukiitazama kanuni yao utaona jambo la ajabu. Yataja kushuka kwake, kuteswa kwake na kufufuka kwake, lakini haitaji hata agizo lake moja juu ya jinsi ya kuishi. Si kwamba maaskofu waliyadharau maagizo hayo. Ugomvi wao haukuwa juu ya maagizo, nayo kanuni ilitungwa kukata ugomvi.

Basi wakatokea watu waliouliza: Je, twaweza kuyachukua mafundisho peke yake, tukaziacha kanuni kando?

Wa kwanza ni Thomas Jefferson wa Marekani, mwandishi mkuu wa Tangazo la Uhuru la mwaka 1776, aliyekuwa Rais wa tatu wa nchi ile tangu 1801 hadi 1809. Mwaka 1804, akiwa bado Rais, alitwaa nakala za Agano Jipya, akazikata kwa kisu, akabandika kwenye karatasi tupu yale maneno aliyoyaona kuwa ni mafundisho ya Yesu mwenyewe. Kazi hiyo ya kwanza imepotea. Lakini mwaka 1820, akiwa mzee wa miaka 77, alimaliza nyingine iliyo bora zaidi, yenye safu nne za lugha: Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza. Miujiza aliiacha karibu yote. Ufufuo pia aliuacha. Kitabu chake chaishia kaburini, jiwe likiwa limekwisha kuvingirishwa mlangoni. Hakukichapisha, alikisoma mwenyewe. Kilichapishwa na Bunge la Marekani mwaka 1904, nakala 9,000.

Miongoni mwa maneno ambayo kisu chake hakikuyatupa ni lile agizo la kumtendea mwenzako kama ungependa wewe utendewe. Sasa sikilizeni. Katika maisha yake Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600. Alikwisha kuandika kwamba utumwa ni ubaya, lakini aliowaacha huru walikuwa wachache sana. Alikufa mwaka 1826 akiwa na madeni mengi, na Januari 1827 watu wa shamba lake wakaanza kuuzwa kwa mnada. Tangazo la mnada huo lilitaja watu 130. Aliondoa katika Injili kila jambo ambalo akili yake ilikataa. Lile lililobaki, ambalo akili yake ililikubali, hakulifuata.

Wa pili ni Rammohan Roy, Mhindu wa Bengal katika Bara Hindi. Alikuwa msomi wa Kiarabu, Kiajemi na Kisanskriti, na ili azisome Injili vizuri alijifunza Kigiriki na Kiebrania. Mwaka ule ule wa 1820 alichapisha katika mji wa Calcutta kitabu cha maagizo ya Yesu, akisema kwamba ni njia ya amani na furaha. Hakujua habari za kitabu cha Jefferson. Roy naye aliacha miujiza, lakini kwa sababu nyingine. Alisema watu wa kwao wamezoea kusikia hadithi za maajabu makubwa zaidi, kwa hiyo miujiza haitawavuta. Na kanuni za imani, alisema, zimewagombanisha Wakristo wenyewe kwa muda mrefu; lakini agizo la kutenda mema laeleweka na msomi na asiye msomi.

Ungedhani wamisionari wangefurahi kumwona Mhindu akieneza maneno ya Yesu. Hasha. Joshua Marshman, mmisionari wa Kibaptisti wa Serampore, alimpinga kwa nguvu. Nami nataka tumsikilize Marshman kwa haki, maana hoja yake si ndogo. Alisema kwamba mwanadamu hakosi kwa sababu hajui lililo jema. Mara nyingi alijua, na bado hulishindwa. Kumpa maagizo matupu, bila habari za msamaha wa dhambi na za yule anayeusamehe, ni sawa na kumwambia mgonjwa asimame atembee, bila kumpa dawa. Roy alimjibu kwa maandiko matatu, mwaka 1820, 1821 na 1823. Mtambo wa wamisionari ulikataa kuchapisha jibu la tatu, akalazimika kutafuta mtambo wake mwenyewe. Na mmisionari mmoja, William Adam, aliyekuwa akifanya naye kazi ya kutafsiri, alikubaliana na Roy, akaacha kuamini Utatu. Roy mwenyewe hakubatizwa. Lakini alipigana dhidi ya desturi ya kumchoma mjane pamoja na maiti ya mumewe, mpaka serikali ilipoikataza katika Bengal mwaka 1829.

Wa tatu ni Leo Tolstoy, mwandishi mkuu wa Urusi, bwana mwenye ardhi na sifa dunia nzima. Alipokaribia miaka 50 alipatwa na huzuni nzito, akaona maisha yake hayana maana. Akarudi kanisani, hakutulia. Ndipo akaketi na Injili za Kigiriki, akazitafsiri upya na kuzipanga kuwa habari moja. Katika Mahubiri ya Mlimani aliona maagizo matano: usikasirike, usimtamani mwanamke wala usimwache mkeo, usile kiapo, usimpinge mwovu kwa nguvu, na usimfanye mtu wa taifa lingine kuwa adui yako. Agizo la nne ndilo alilolishika kuliko yote. Alisema kama mtu ayasadiki maneno hayo, hawezi kuwa askari, wala hakimu wa kunyonga watu.

Kitabu chake kikubwa juu ya jambo hilo kilikatazwa Urusi, kikatoka Ujerumani mwaka 1894. Mwaka 1901 Sinodi Takatifu ya Kanisa la Urusi ilitangaza kwamba Tolstoy si mshiriki tena. Nyumbani kwake kulikuwa na taabu, maana alitaka kuacha mali na haki za vitabu vyake, na mkewe Sofia alikuwa na watoto wa kulea na nyumba ya kutunza. Mwaka 1910, akiwa na miaka 82, aliondoka usiku, akaugua njiani, akafa katika nyumba ya mkuu wa kituo cha reli cha Astapovo. Lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kufika Afrika. Mwanasheria kijana wa Kihindi, Mohandas Gandhi, alikisoma kile kitabu huko Afrika Kusini mwaka 1894. Mwaka 1910 yeye na rafiki yake Hermann Kallenbach walianzisha karibu na Johannesburg shamba walilolipa jina la Tolstoy, ili familia za Wahindi waliofungwa kwa kukataa sheria za ubaguzi zipate mahali pa kuishi.

Basi tumepata nini kwa hawa watatu? Watu wengine wasema kwamba kuacha kanuni za Kanisa ni kutafuta dini nyepesi. Nao wengine wasema kwamba mtu akiziacha kanuni, amekwisha kuwa huru. Naona wote wamekosea. Miujiza ikiondolewa, na kanuni zikiwekwa kando, kinachobaki mezani si chepesi. Ni: msamehe, gawa mali, usilipe kisasi. Jefferson alibaki nayo mezani. Tolstoy alijaribu kuyatenda, yakamvunjia nyumba.

Liko onyo jingine. Mwaka 1906 Albert Schweitzer, mwalimu wa dini wa Strasbourg, aliandika kitabu juu ya wasomi wote waliomtafuta Yesu wa kweli nje ya kanuni. Akaonyesha kwamba kila kizazi kilimwona Yesu aliyefanana nacho chenyewe. Mwenye kisu ana hatari ya kukata kila kisichofanana naye. Schweitzer mwenyewe alisomea udaktari, na mwaka 1913 akaja Lambaréné, katika Gabon, kutibu wagonjwa. Chama cha misioni kilikuwa na shaka juu ya mawazo yake, hata ikambidi aahidi kwamba atatibu tu, hatahubiri.

Nilimweleza yule mzee habari hizi kwa muda wa majuma kadhaa. Mwisho nikamwambia: "Mzee, kusoma mwenyewe si kosa. Ila soma yote, hata yanayokuudhi. Kamuulize na padre, umsikilize vizuri, maana Kanisa nalo limesoma kitabu hiki kwa miaka mingi kuliko sisi. Na ukitaka kuliacha neno fulani, jiulize kwanza: naliacha kwa sababu si la kweli, au kwa sababu ni gumu kwangu?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akafungua Marko wake, akaweka kidole mahali ambapo Yesu awaagiza wanafunzi kwamba mtu anaposimama kusali, amsamehe kwanza aliye na neno naye.

"Mwalimu," akasema, "miujiza hainisumbui. Linalonisumbua ni hili. Ndugu yangu na mimi hatujasemezana miaka kumi na mmoja, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hili nilitamani lisiwemo."

Juma lililofuata hakuja darasani. Mjukuu wake alileta salamu kwamba babu amekwenda kwa ndugu yake, ng'ambo ya mto.

Ndugu zangu, sasa ni zamu yenu. Zungumzeni maswali haya katika kikundi, na mwandishi wa kikundi aandike majibu.

La kwanza: Je, mtu aweza kuyafuata mafundisho ya mwalimu bila kukubali yote yanayosemwa juu ya mwalimu huyo?

La pili: Hoja ya Marshman, kwamba agizo peke yake halimpi mtu nguvu ya kulitenda, mwaionaje?

La tatu: Katika kitabu chako kitakatifu, ni neno gani ambalo ungetamani lisiwemo, na ni kwa sababu gani?

Swali hili la tatu mtu asilazimishwe kulijibu mbele ya wenzake. Alichukue nyumbani.

Kwaherini, na Mungu awalinde.