Kuvua Samaki Juu ya Ziwa Lililoganda

Leo ninayo barua ya mama mmoja ambaye mwanawe anaishi Canada, katika jimbo la Ontario. Kijana amealikwa na wenzake wa kazini kwenda kuvua trauti wa ziwani katika Ziwa Simcoe, kaskazini ya Toronto, mwezi wa Februari, ziwa likiwa limeganda. Mama anauliza: je, nimkataze?

Simoni Petro alipotembea juu ya maji, alikwenda hatua chache tu akaanza kuzama. Huko Canada watu hutembea juu ya ziwa kila mwaka, tena na mizigo yao, nao wengi hurudi salama. Nimesema wengi, sikusema wote. Basi mama, usimkataze, lakini mwambie haya, na tuanze na barafu kabla ya samaki.

Maji yana tabia ya ajabu. Yakipoa huwa mazito, lakini yakifika digrii 4 hugeuka na kuanza kuwa mepesi. Ndiyo maana barafu huelea juu kama kifuniko cha sufuria, na chini yake samaki wanaendelea na maisha yao. Lakini kifuniko hicho hakina unene mmoja. Mahali mto unapoingia ziwani, au penye mkondo, barafu huwa nyembamba hata kama hatua kumi nyuma ilikuwa nene. Barafu ngumu iliyo safi kama kioo ndiyo ya kutegemewa. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nusu tu ya nguvu zake. Huko huhesabu sentimita 10 hadi 15 za barafu safi kwa mtu anayetembea kwa miguu. Mvuvi mwenye akili hushika mtaimbo, akigonga mbele yake anapokwenda. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, anarudi alikotoka, hata kama wenzake wanamcheka.

Na akitumbukia? Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, amefundisha watu hesabu rahisi: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Watu wengi hudhani wanakufa papo hapo, na hofu hiyo ndiyo inayowamaliza. Ageukie upande alikotoka, maana barafu ya huko ilikuwa imembeba. Apige miguu kama muogeleaji, ajivute kwa misumari miwili yenye mipini ambayo wavuvi huvaa shingoni, na akishatoka asisimame. Abingirike mpaka afike mahali pagumu.

Sasa samaki. Trauti wa ziwani si yule wa mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, ingawa ni jamaa yake. Huyu anapenda maji baridi mno. Wakati wa joto hujificha vilindini, lakini ziwa likiganda maji yote ni baridi, naye huzunguka popote, chini kabisa au karibu na barafu. Kwa hiyo mvuvi hutoboa tundu kwa keekee kubwa, lenye upana wa sentimita 20 au 25, na vipande vya barafu huondolewa kwa upawa wenye matundu. Akikaa sana bila kupata, atoboe tundu jingine mbali kidogo.

Chambo kinachopendwa ni samaki bandia mweupe wa mpira, au kipande cha madini kinachong'aa kama kijiko. Mvuvi hukishusha mpaka chini, akakiinua kidogo, kisha hukipandisha kwa ghafula na kukiacha kianguke kama samaki mgonjwa. Na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Trauti akija kukiangalia chambo, mgeni hukituliza akidhani anamkaribisha. La! Trauti huyu ni mwindaji. Kikisimama anakitilia shaka, kikikimbia anakifuata. Basi mvuvi akunje mshipi upesi, chambo kipande kana kwamba kinaokoa maisha yake, na mara nyingi trauti atakirukia njiani.

Mwambie kijana pia asitamani kubeba kila mkubwa. Mwaka 1995, katika Ziwa Great Bear, kaskazini ya mbali, alipatikana mmoja wa zaidi ya kilo 32, lakini samaki hawa hukua polepole sana. Katika maziwa ya kaskazini huenda wakapita miaka 10 kabla ya kutaga mayai mara ya kwanza. Ukimla mzee mmoja, ziwa halitakupa mwingine wa ukubwa huo mwakani.

Anayemrudisha asimlaze juu ya theluji apigwe picha, maana katika baridi ile macho na mashavu yake huganda upesi. Amfungue ndoana akiwa bado ndani ya tundu. Akiona mapovu yakitoka, asishtuke: trauti huweza kutoa hewa iliyomjaa tumboni anapopandishwa kutoka kilindini, jambo ambalo samaki wengine hawawezi. Kisha amwelekeze kichwa chini, amwachilie, naye atapiga mkia na kwenda zake.