Pakiti Isiyo na Stempu

Kodi ya sigara ilipopanda, baadhi yetu hatukuacha kuvuta. Tulitafuta za magendo, zilizovushwa mpaka kule Busia, zisizo na stempu ya ushuru ambayo serikali ya Kenya imekuwa ikiikagua kwa mitambo tangu mwaka wa 2013. Tulifurahi kuokoa shilingi. Kumbe kifua kilikohoa vile vile, na Jumapili tuliimba huku tumeficha pakiti mfukoni.

Bwana Yesu alipoulizwa habari za kodi, aliomba sarafu, akauliza sanamu iliyo juu yake ni ya nani. Basi sarafu ilikuwa ya Kaisari. Sisi tulioumbwa kwa mfano wa Mungu tu mali yake, pamoja na mapafu yetu. Ndugu, tusitafute kifungo cha bei nafuu. Tumwombe atufungue. Amina.