Kura ya Mchujo Ndiyo Uchaguzi Wenyewe

Wakenya watapiga kura tarehe 10 Agosti 2027, lakini katika wadi nyingi kati ya 1,450 za nchi hii, mwakilishi wadi atakuwa amekwisha kupatikana miezi kadhaa kabla. Katika ngome ya chama, anayeshinda tiketi katika mchujo ndiye anayeingia bunge la kaunti, na siku ya Agosti huwa ya kuidhinisha tu. Kwa hiyo asiyeshiriki mchujo amewaachia jirani zake wachache uamuzi juu ya barabara ya mtaa wao, soko na zahanati.

Wapo wanaosema mchujo ni mchezo wa wakubwa, na ushahidi wanao. Aprili 2017 chama cha Jubilee kilifuta mchujo wake baada ya karatasi za kura kupungua vituoni, kikaupanga upya. Tiketi za moja kwa moja nazo zipo. Hata hivyo, pale kura inapopigwa, wapigaji huwa wachache, na pengo kati ya mshindi na wa pili laweza kuwa dogo mno. Kususia kunamfaa zaidi yule aliyekwisha kununua wafuasi. Anayelalamikia matokeo, Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa lipo.

Kosa kubwa ni kusubiri hadi siku ya mchujo. Mchujo ni wa wanachama waliosajiliwa, na wengi hugundua wakiwa foleni kwamba majina yao hayamo katika orodha ya wanachama. Ingia eCitizen leo, uangalie umesajiliwa katika chama gani.